Mlango wa Kishapu

Geita,
11 Februari 2024

Kwako Shangazi Bernadina,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na kaka Charles na wote wa hapo nyumbani. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo lakini bado anauza uji kwa wachimbaji asubuhi. Januari ameingia darasa la tano. Matokeo yangu ya kidato cha nne yametoka. Sitayaandika hapa, ila sikufeli.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Ukipokea unasema, "Nani? Sema!" Maneno yananikauka, halafu unakata. Kwa hiyo barua hii ataileta dada Bhoke, anayepeleka dagaa wa Nkome kwenye mnada wa Mhunze. Jibu lako unaweza kumpa yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna mwanamke anaitwa Nelly, ametoka Mwanza, anatengeneza filamu ya mambo ya kweli kuhusu familia zisizo na makazi. Alizungumza na familia nyingi hapa Geita, akachagua yetu. Anataka kuanza na nyumba ya baba huko Kishapu, tulipotolewa baada ya mazishi. Anataka kuupiga picha mlango.

Mimi ninachoomba ni zaidi ya picha. Naomba siku hiyo uufungue, mama aingie ndani. Baba aliijenga nyumba ile kwa dhahabu aliyoichimba mwenyewe, nasi tumekulia humo. Tangu mazishi yake hatujaiona ndani yake. Nadhani ukiufungua mbele ya watu hutaweza tena kuufunga. Nimeandika ninachofikiri, nisamehe kama nimekosea adabu.

Mtoto wako,
Vumilia Masele


Kishapu,
9 Machi 2024

Vumilia,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka dagaa.

Huku jua linatuchoma. Pamba imedumaa, imekuwa kama mchicha. Ng'ombe wawili wa Charles walilala hawakuamka. Charles amepata mtoto wa kike. Hamkuambiwa kwa sababu hamkuuliza.

Sasa niambie, nani amekudanganya kwamba mlitolewa? Mama yako aliyapindua mafiga. Aliyang'oa pale uani, moja baada ya jingine, akayapindua upande wa masizi juu, na majirani wanaona. Mjane akipindua mafiga ya mumewe, huku kwetu amekwisha kuaga, hata kama hajafungua kinywa. Mama yako alijua. Ameishi na Wasukuma miaka yote, asijifanye mgeni. Aliondoka mwenyewe. Leo anataka kamera iseme amefukuzwa.

Halafu nimesoma barua yako mara mbili natafuta mnakaa wapi, sikuona. Bhoke ameniambia mna chumba huko Geita, mtaa wa Mbugani, kina taa ya umeme. Mimi hapa natumia kibatari. Watu wenye taa ya umeme wanapigwaje picha za kukosa makazi? Au huyo Nelly ni kipofu?

Mkija na kamera nitawafungulia mbwa. Na yule mbwa hajui filamu.

Bernadina


Geita,
2 Mei 2024

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Poleni kwa ng'ombe. Mama amefurahi kusikia habari za mtoto, ameuliza anaitwa nani.

Ni kweli tuna chumba. Tumekipata Novemba kwa mzee Sostenes, na ni kweli kina taa. Sikuandika kwa sababu nilijua ungesema ulivyosema. Lakini kabla ya hapo tulilala kwenye kibaraza cha karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu. Mashine ikizimwa jioni tulikuwa tunafagia vumbi na kutandika. Nilisoma kidato cha tatu na cha nne nikitokea pale. Shuleni nilisema tunakaa kwa mjomba. Sina mjomba Geita, unajua. Nelly si kipofu. Anasema filamu inaweza kuonyesha mambo yaliyopita kwa kuwaomba watu wayarudie.

Kuhusu mafiga. Nilikuwepo, Shangazi. Tulikwenda lambo kuosha masufuria ya msiba, mimi, mama na Januari. Tuliporudi tulikuta kufuli mlangoni, jipya, bado lina mafuta. Nguo zetu zilikuwa ndani. Madaftari yangu yalikuwa ndani. Mama alisimama na masufuria kichwani muda mrefu. Ndipo akayatua akayapindua mafiga, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichobaki nje. Wewe umeanza hadithi kwenye mafiga. Mimi naianza kwenye kufuli.

Nelly amenipa kazi. Nashika fimbo ndefu yenye kipaza sauti mwishoni, navaa hedifoni, nasikiliza kama sauti inaingia vizuri. Sitakiwi kusema chochote. Sijawahi kupata kazi inayonifaa hivi. Nasikia mpaka watu wanavyomeza mate.

Bado naomba uufungue.

Vumilia


Kishapu,
26 Mei 2024

Vumilia,

Marahaba. Tunachuma pamba hii hii iliyodumaa, mikono imechanika. Mtoto anaitwa Esta.

Kufuli nililifunga mimi. Sijakataa popote. Ufunguo nilikuwa nao kifuani, kwenye kamba ya msalaba, na mimi nilikuwa nimekaa palepale kwa jirani, nachambua maharage. Mama yako alinipita karibu hata kivuli chake kikanigusa. Hakuniuliza. Hakusema "wifi, kuna nini?" Alinipita kama kisiki.

Mimi ndiye niliyemwogesha akiwa amejifungua wewe. Wewe mwenyewe nilikubeba mgongoni mpaka zahanati, ukiwa na degedege. Mtu wa namna hiyo anapitwa kama kisiki?

Kwa nini nililifunga, hilo ni langu na ndugu zangu. Halimhusu mtu wa kamera, wala halimhusu mtoto aliyemaliza shule juzi akapewa fimbo ashike. Wenzako wanashika jembe.

Nimempa Bhoke michembe ya viazi vikavu. Si yako wala ya mama yako. Ni ya Januari.

Bernadina


Geita,
4 Agosti 2024

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Januari ameila michembe, anashukuru. Kikohozi cha mama kimezidi. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikuwa na mahali pa kukaa nikaandika. Nitaeleza.

Mwezi wa saba Nelly alisema imebaki sehemu moja, ya sisi kufukuzwa na kurudi kulala kwenye karasha. Alisema kwa kuwa Kishapu mmekataa, tuigize hapa Mbugani. Mzee Sostenes alikubali kuwa mwenye nyumba anayetufukuza. Alifurahi sana, akaenda kunyolewa. Tulitoa kila kitu ndani. Nelly akamwambia mama, "Mpe ufunguo, halafu ondoka bila kugeuka." Mama akasema hawezi kumrudishia mtu chumba kichafu, akafagia kwanza. Boaz, mpiga picha, akasema acha afagie, inapendeza. Mama akampa mzee Sostenes ufunguo. Mzee akaupokea, akautia mfukoni, akasema kwa sauti kubwa, "Nenda na amani, mama!" Hayo maneno hakufundishwa na mtu.

Tukaenda karasha tukalala huko, picha zikapigwa jioni na alfajiri. Tuliporudi na vitu vyetu tulikuta viatu vya wanaume mlangoni. Wachimbaji kutoka Chato. Shangazi, hapa kumetokea rashi, dhahabu mpya imeonekana kilimani, watu wamemiminika na vyumba vinagombewa kama viti vya basi.

Mama akasema, "Mzee Sostenes, ile ilikuwa filamu."

Mzee akasema, "Mama Vumilia, mimi siigizi. Mimi nimepokea ufunguo."

"Si tulikubaliana wote, na Nelly alikueleza?"

"Alinieleza nisimame hapa, nikasimama. Umefagia, umetoa jiko, umenikabidhi ufunguo mbele ya watu na mashine imerekodi. Mtu anahamaje tena zaidi ya hapo?"

Mmoja wa wale wachimbaji akatoka na mswaki mdomoni akasema, "Mama, pole, lakini hata sisi tumetoka kwenye mabanda. Haturudi."

Mama hakubishana. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Aligeuka tu, kama alivyogeuka Kishapu. Nilikuwa bado nimevaa hedifoni na kipaza sauti kilikuwa kinawaka. Nelly na Boaz walikuwa nyuma ya gari, walidhani hatusikii. Nelly alisema, "Masikini." Halafu akasema, "Lakini hii ndiyo filamu sasa. Umeipata?" Boaz akasema ameipata yote.

Wamerudi Mwanza. Walituachia godoro. Tunalala kanisani, kwenye stoo ya kwaya, katikati ya ngoma na majoho. Jumapili tunatoa godoro nje kabla watu hawajafika.

Sasa sisi ni kweli hatuna makazi. Hakuna haja ya Bhoke kukuchunguzia. Siandiki kuomba kitu. Naandika kwa sababu uliuliza tunakaa wapi.

Vumilia


Kishapu,
1 Septemba 2024

Vumilia,

Marahaba. Mwambie mama yako achemshe majani ya mlonge kwa kikohozi hicho, na asilale penye unyevu.

Nimeisoma barua yako nikamsomea Charles. Charles amecheka sehemu ya mzee kunyolewa, nikamwambia nyamaza. Ninyi ni wajinga. Mtu mzima anatoa vyombo vyake ndani kwa sababu mtu wa Mwanza amemwambia toa! Na wewe umekaa na mafimbo yako unasikiliza! Ulikuwa na masikio mawili na mdomo mmoja, mdomo ulikuwa umeuweka wapi?

Sasa sikiliza. Kwenye nyumba ya baba yenu nililifunga lile kufuli kumzuia kaka yangu Ngassa. Kabla ya msiba kwisha alikuwa ameshaleta kitanda cha mke wake mdogo mpaka kwenye uzio. Ningechelewa, wangekuwa wameshalala. Mpaka leo Ngassa anasema nyumba inakaa bure, popo ndio wenye nyumba, na kwamba mvua za kwanza zikidondoka atabomoa mlango kwa shoka. Mimi ni mzee. Sitashindana naye tena kwa nyumba tupu. Akiwemo mtoto wa marehemu ndani hataweza kufanya kitu, hata wazee watamkataza.

Kwa hiyo njooni, wewe na Januari. Ninyi ni watoto wa Masele, ng'ombe wa mahari walitoka hapa, ninyi ni wa hapa. Nitaufungua siku mtakayofika. Shule ya Januari ipo karibu. Wewe utanisaidia shambani, na ukitaka cherehani tutaongea.

Mama yenu simtaki. Alipindua mafiga, basi. Arudi kwao au abaki na watu wa kamera.

Jibu upesi. Mawingu yakianza, sitakuwa na la kusema.

Bernadina


Geita,
6 Oktoba 2024

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa Nkome muda mrefu. Bhoke alikuwa anauguza. Ameileta juzi, akasema mawingu huko Kishapu yameanza. Sijui kama nakujibu wewe au nalijibu shoka la baba mkubwa Ngassa.

Nilimsomea mama yote. Nilipofika pale uliposema humtaki nilitaka kuruka, lakini yeye ananijua nikiruka, sauti yangu inabadilika. Akasema soma. Nikasoma. Nilipomaliza akaanza kukunja nguo za Januari. Akasema, "Nendeni. Nyumba ni ya baba yenu. Mimi nitapata pa kujibanza." Alikuwa anazikunja vizuri kama za kwenda sikukuu. Januari alikuwa anaangalia mikono yake tu.

Nikamwambia, "Siendi." Sijawahi kumkatalia mama. Akadhani hakusikia vizuri, akauliza, "Unasemaje?" Nikarudia. Nilirudia mpaka mwenyekiti wa kwaya akachungulia mlangoni kuona nani anapiga kelele humo. Nilikuwa mimi.

Sasa na wewe nakuambia. Hatuji bila mama. Umeniuliza mdomo wangu niliuweka wapi siku ile. Nakubali. Lakini wewe ulikaa kwa jirani na ufunguo kifuani, ukamwona mjane wa ndugu yako ana masufuria kichwani na watoto wawili, ukaendelea kuchambua maharage. Ungeita tu. Ungesema, "Rebeka, nimefunga kumzuia Ngassa." Maneno hayo hayazidi mstari mmoja. Badala yake sisi tumelala kwenye vumbi la mawe, na nyumba imelala na popo. Ulitaka akuombe. Yeye alitaka usimfanye aombe. Mimi nimekuwa mtu mzima kutokana na ukimya wenu.

Nelly alirudi wiki iliyopita kutaka mama akubali filamu ionyeshwe. Nilizungumza mimi. Nilimwambia filamu iseme wazi kwamba mlituomba tutoke, tukatoka, na kwa sababu hiyo tukakosa chumba. Akasema watazamaji watachanganyikiwa. Nikamwambia sisi pia tulichanganyikiwa. Akasema kama ni hivyo na yeye itabidi aonekane kwenye filamu. Nikasema ndiyo, na wewe uonekane. Hajajibu. Mpaka ajibu, mama hakubali, na mimi fimbo yake nimemrudishia.

Kwa hiyo sina filamu wala kazi, na sasa nimekukatalia nyumba. Mlango wa Kishapu kama hauwezi kumpitisha mama, mwachie baba mkubwa aukate. Mke wake mdogo angalau aliletewa kitanda.

Mtoto wa Masele na Rebeka,
Vumilia


Kishapu,
20 Oktoba 2024

Vumilia,

Shikamoo yako sikuipokea. Ulivyoandika, huniamkii, unanigombeza.

Mvua ilinyesha Jumatano. Alhamisi Ngassa alikuja na shoka na vijana wa kusaidia. Barua yako nilikuwa nimeipata asubuhi hiyo hiyo, nilikuwa bado nina miwani usoni. Akaniambia, "Dada, umesema watoto wanakuja. Wako wapi?" Nikamwambia wanakuja. Akasema, "Nani amesema?" Nikakaa mlangoni. Chini kabisa, miguu nikainyoosha, na umri huu. Nikamwambia kata, anza na goti hili la kushoto, lile la kulia bado linanifaa kwenda kanisani. Vijana wakacheka, Ngassa akatukana. Nilikaa mpaka akachoka. Ameapa atarudi Jumamosi na mwenyekiti wa kitongoji, na sitakuwa na nguvu za kukaa chini tena, maana kunyanyuka tu aliniinua Charles.

Sikukaa pale kwa ajili ya mama yako. Usijidanganye, na usimwambie hivyo.

Wewe umekuwa na maneno makali. Hayo ya maharage nimeyasoma. Sijibu.

Huyo Nelly mwambie akija huku asinipige picha nimekaa chini. Nitavaa gauni la kanisani na nitasema yangu yote, la kufuli na la Ngassa, na asikate hata neno. Kama na yeye ataonekana, basi tutaonekana wote.

Barua hii sijampa Bhoke. Charles anakuja nayo mwenyewe kwa basi, asirudi bila ninyi, nauli yenu anayo. Na Rebeka nina neno naye moja tu. Nilimsubiri siku ile aniulize, namsubiri mpaka leo. Asitume mtoto wala asiandikiwe barua. Apande basi hilo, aje asimame mbele yangu kabla ya Jumamosi, aniulize ufunguo uko wapi.

Nitamjibu.

Bernadina